Hitilafu za Mitambo: Mafundi wa Vituo vya Redio katika Historia Yetu

Yako maneno ambayo kila mtu mzima aliyekua akisikiliza redio katika nchi yetu anayafahamu: hitilafu za mitambo. Mtangazaji aliyatamka kwa utulivu, baada ya kimya cha dakika tano au cha nusu saa, akaomba radhi, kisha akaendelea na kipindi kana kwamba hakuna lililotokea. Msikilizaji naye aliridhika. Hakuuliza ni hitilafu gani, ilitokea mahali gani, wala ni nani aliyeiondoa. Katika insha hii tunakusudia kuuliza maswali hayo. Historia ya redio katika Afrika Mashariki imesimuliwa mara nyingi kwa upande wa studio, yaani watangazaji, vipindi, nyimbo na hotuba. Upande wa pili wa waya, kule ambako sauti iligeuzwa kuwa wimbi na kutupwa angani, walikuwako watu wengine ambao sauti zao hazikusikika kamwe, na ambao kazi yao ilijulikana tu pale iliposhindikana. Kwa maoni yetu, maarifa ya watu hao ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama yalivyo maarifa ya mhunzi na ya fundi wa majahazi.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini mtambo wa kurushia matangazo huwekwa mbali na mji. Wimbi la redio la masafa ya kati ni refu. Kituo kinachotumia kilohezi 600, kwa mfano, kina wimbi lenye urefu wa mita 500, na mnara unaofaa ni ule wenye urefu wa robo ya wimbi hilo, yaani mita 125. Mnara huo wote ndio antena: chuma chote, tangu chini hadi juu, kina umeme, nao husimama juu ya kikombe kikubwa cha kauri ili usiguse ardhi. Kuuzunguka mnara huzikwa nyaya za shaba zinazotawanyika pande zote kama mizizi ya mti. Ikiwa nyaya hizo ni 120, na kila moja ni ndefu kama mnara, basi kilomita 15 za shaba zimelala chini ya majani. Hapana mji unaoweza kuachia uwanja wa namna hiyo katikati ya nyumba zake. Tena ardhi yenye unyevu hulisaidia wimbi kusafiri, kwa hiyo wahandisi hupenda bonde au tambarare iliyo karibu na maji. Ndiyo sababu fundi wa mitambo aliishi maisha ya mlinzi wa mnara wa taa baharini, yaani nje ya mji, katika nyumba chache za kituo, akiwa na jenereta, tangi la mafuta, ghala la vipuri, na upepo.

Kazi hii ni ya zamani kuliko redio tunayoijua. Wazee wetu waliuita ufundi huu simu ya upepo, jina zuri ambalo halistahili kusahauliwa, kwa kuwa linaeleza jambo kamili: simu isiyo na waya, inayopita hewani. Na tangu siku zake za kwanza kabisa simu ya upepo ilikuwa na hitilafu. Guglielmo Marconi alipokuwa akijiandaa kupeleka alama kuvuka bahari ya Atlantiki alijenga huko Poldhu, Uingereza, duara la nguzo 20 za kushikilia antena. Tarehe 17 Septemba 1901 tufani iliziangusha zote. Mafundi wake hawakungoja kuzijenga upya kama zilivyokuwa. Walisimamisha nguzo mbili tu, wakatandaza baina yake nyaya zilizopanuka kama upepeo, na tarehe 12 Desemba mwaka huohuo Marconi akiwa Newfoundland, na waya wake wa kupokelea umeinuliwa na tiara, alisema amesikia herufi moja iliyotumwa kutoka Poldhu. Kwa hiyo tukio hilo mashuhuri lilifanyika kwa antena ya kubahatisha, iliyotengenezwa na watu waliojiuliza ni kipi kinachotosha kwa leo.

Katika nchi yetu simu ya upepo ililetwa na utawala wa Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Palikuwa na vituo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Vita vilipoanza mwaka 1914, waya wa baharini uliopitia Unguja ulikuwa katika mikono ya Waingereza, na minara hiyo ikawa na thamani kuliko mizinga. Haishangazi basi kwamba ndiyo iliyolengwa mwanzo. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliishambulia Dar es Salaam kwa mizinga kwa sababu ya kituo hicho, na Wajerumani wenyewe wakauangusha mnara wao. Mwezi huohuo, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25, Wajerumani waliokuwa Togo walikiharibu kwa mikono yao kituo kikubwa cha Kamina, kilichokuwa kikizungumza na Nauen karibu na Berlin, ili kisitekwe. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakaingia Bukoba, na miongoni mwa kazi walizozikamilisha kabla ya kuondoka ilikuwa kuubomoa mnara wa simu ya upepo. Msomaji wa historia ya vita huyapita mambo haya kwa haraka. Sisi tunayasimamisha kidogo kwa kuwa yanaonyesha tangu mapema kwamba mnara uliosimama peke yake porini ni shingo ya nchi nzima, na anayeukaba huinyamazisha nchi.

Redio ya kutangazia wananchi ilikuja baadaye. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam, ambayo mwanzoni haikusikika nje ya mji huo na viunga vyake, na mwaka huohuo Unguja nayo ikawa na kituo chake. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 Serikali ililichukua na kuanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam. Mabadiliko hayo ya majina yanakumbukwa na kila mwanafunzi. Lakini kila hatua ilikuwa pia hatua ya mitambo. Nchi yenye ukubwa wa Tanzania haiwezi kufikiwa na mnara mmoja wa masafa ya kati ulioko pwani. Mchana wimbi la masafa hayo hutambaa juu ya ardhi na kuchoka njiani. Usiku hupanda juu, hurudishwa na tabaka za hewa ya mbali, na kufika ng'ambo likiwa limechanganyika na sauti za vituo vya nchi nyingine. Kwa sababu hiyo palihitajiwa masafa mafupi, yarukayo mbali, na pia vituo vya masafa ya kati mikoani, kama vile Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko, kila kimoja na mnara wake, na kila kimoja na fundi wake. Mitambo ilitoka nchi mbalimbali, Uingereza na China miongoni mwao, na hakuna mtambo wa nchi moja uliokubali kipuri cha nchi nyingine.

Kimya cha redio kilikuwa na uzito ambao kijana wa leo, aliyezungukwa na simu za mkononi na vituo vingi, hawezi kuuhisi kwa urahisi. Katika miaka ile Waafrika Mashariki walikwisha kujifunza kwamba mambo makubwa hutangazwa redioni, na kwamba redio isiyo ya kawaida ni ishara. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalisikika redioni. Tarehe 25 Januari 1971 Waganda walisikia kwa Radio Uganda askari akisoma sababu za kuiangusha serikali. Tarehe 1 Agosti 1982 Wakenya waliamka wakasikia Sauti ya Kenya ikisema kwamba serikali imepinduliwa, na baada ya saa kadhaa sauti ikabadilika tena. Katika hali hiyo, redio iliponyamaza ghafla kabla ya taarifa ya habari ya jioni, watu hawakufikiri kwanza juu ya fyuzi. Walitazamana. Dakika kumi zilitosha kuzaa uvumi, na saa moja ilitosha kuupeleka uvumi huo hadi kituo cha mabasi. Fundi aliyekuwa akihangaika kituoni kwa hiyo hakuwa akitengeneza chombo tu. Alikuwa akishindana mbio na maneno ya watu.

Tena palikuwa na wasikilizaji waliokuwa wamekaa wakiingoja redio kama wanafunzi wanavyomngoja mwalimu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, kwa muda wa majuma kumi na mawili, wakasikiliza kipindi na kisha wakajadili kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria. Kila kikundi kilikuwa na kitabu na kiongozi, lakini kengele ya darasa ilikuwa ni redio. Vivyo hivyo vyama vya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, vilivyokuwa na ofisi zao Dar es Salaam, vilipewa nafasi katika matangazo ya nje ya Radio Tanzania, na waliokuwa wakiyasikiliza huko Msumbiji au Afrika ya Kusini walifanya hivyo kwa siri na kwa hatari. Mtu aliyejificha na redio yake chini ya blanketi, akakuta kimya mahali pa sauti aliyoizoea, hakuwa na njia ya kujua kama ni valvu iliyokufa au ni mapambano.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwani hapa ndipo penye elimu. Mtu asiye fundi hudhani kwamba kutafuta hitilafu ni kufungua mtambo na kuangalia ni kitu gani kimeungua. Mara chache huwa hivyo. Kwa kawaida mtambo ulioharibika unafanana kabisa na mtambo mzima, na fundi mwenye pupa hubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine hadi ghala linakwisha na hitilafu bado ipo. Fundi aliyekomaa huanza kwa kuuliza kilicho kizima. Umeme unaingia? Unaingia katika nyaya zote tatu, au mmoja umekatika na mashine za kupoozea hewa zinanguruma bila kuzunguka? Taa za ndani ya valvu zinawaka? Wimbi la kubebea sauti lipo, ila halina sauti? Kama lipo, basi aghalabu kosa limo katika njia ya kutoka studio, ambayo mara nyingi ilikuwa laini ya simu iliyopita juu ya nguzo kwa maili nyingi, au redio ya kupokelea iliyodaka masafa mafupi ili yarushwe upya kwa wenyeji. Kila jibu hukata tatizo vipande viwili na kutupa kimoja. Kwa mwendo huo maswali matano au sita hutosha kumfikisha fundi kwenye kabati moja kati ya makabati mengi.

Tuchukue mfano mmoja unaofahamika na mafundi wa masafa ya kati popote duniani, kwa sababu unafundisha mengi. Mtambo unajizima wenyewe. Fundi anauwasha, unakaa dakika chache, unajizima tena. Anasoma mita, zote ziko mahali pake. Anakaa na kusikiliza, na baada ya muda anagundua jambo la ajabu: mtambo hauzimiki mtangazaji anaposoma kwa upole, bali huzimika ngoma zinapoanza, au kwaya inapoinua sauti. Asiyejua atacheka aambiwe kwamba mtambo umezimwa na ngoma. Lakini sababu ipo. Katika utangazaji wa namna hii sauti hupandishwa juu ya wimbi, na sauti inapofikia kilele, volti za antena huongezeka hadi mara mbili ya zile za kimya, na nguvu hufika mara nne kwa kitambo kidogo sana. Basi mahali palipo dhaifu, penye ufa au uchafu, panaweza kustahimili kimya na maneno ya upole, pasistahimili kilele. Umeme huruka pale, mtambo huona hatari, hujizima.

Hitilafu iko wapi basi, ndani au nje? Hapo fundi hutoa waya wa antena na kuunganisha mahali pake mzigo wa bandia, yaani kifaa kinachoimeza nguvu yote na kuigeuza joto bila kuirusha angani. Nchi itanyamaza kwa dakika hizo, lakini swali litajibiwa. Ngoma zikipigwa na mtambo ukakaa imara, mtambo hauna lawama, na fundi hutoka nje.

Anatoka usiku, na anazima tochi. Hili huwashangaza wanafunzi, nasi tunaliona kuwa ndilo jambo zuri kuliko yote katika ufundi huu. Anasimama nje ya uzio, kwa umbali wa salama, gizani, akingoja macho yazoee. Kisha anatazama na anasikiliza. Penye ufa patatokea cheche ya buluu, na cheche hiyo husema. Si mzaha. Cheche inayolishwa na wimbi lililobeba sauti hupasha joto hewa inayoizunguka na kuiacha ipoe kwa kufuata sauti ileile, kwa hiyo hewa hutikisika na sauti hutoka. Fundi aliyesimama katika majani yenye umande husikia kwaya ikiimba kutoka kwenye kikombe cha kauri, kwa sauti nyembamba kama ya nyuki. Huifuata sauti hiyo hadi ilipo. Pengine ni kikombe kimoja cha kamba ya chuma inayouvuta mnara, kimepata ufa kwa radi ya mwaka uliopita. Pengine ni chumvi na vumbi, hasa kwenye vituo vya pwani, ambapo upepo wa bahari hupaka kila kitu utando usioonekana, na umande wa jioni huugeuza utando huo kuwa njia ya umeme. Hitilafu ya chumvi ina tabia yake: huja na magharibi na kuondoka jua likichomoza, na fundi anayekuja asubuhi na vifaa vyake hakuti chochote. Dawa yake ni kitambaa safi na maji, mtambo ukiwa umezimwa.

Viumbe nao wana sehemu yao katika historia hii. Nyumba ndogo iliyo chini ya mnara, yenye koili na kapasita, ina joto usiku, na joto huwaita mijusi, nyigu na nyoka. Mjusi akipita kati ya sahani mbili zenye volti nyingi hufa papo hapo, na mtambo hujizima kwa ajili ya kifo chake. Panya hula mipira ya nyaya, na mchwa hupanda nguzo za laini. Moto wa nyika, kama majani hayakufyekwa, hufika hadi kwenye uzio na kupasua kauri. Kwa hiyo panga na jembe vilikuwa vifaa vya ufundi wa redio kwa haki ileile kama bisibisi, na kituo kilichofyekwa vizuri kiliharibika kwa nadra kuliko kile kilichokuwa na mhandisi hodari na majani marefu.

Radi inastahili kutajwa peke yake. Mashariki ya Kongo na bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi kabisa, na juu ya ziwa lenyewe dhoruba kali huja usiku. Mnara wa mita mia na zaidi uliosimama tambarare huko ni mwaliko. Huwezi kuizuia radi. Kilichopo ni kuifungulia mlango, na mlango huo ni jozi ya madonge mawili ya chuma chini ya mnara, yaliyoachana kwa nafasi ndogo iliyopimwa. Umeme wa kawaida wa mtambo haurukii nafasi hiyo, bali radi huiruka na kuingia ardhini. Ikiwa nafasi ni kubwa mno, radi huingia ndani na kuua valvu. Ikiwa ni ndogo mno, ngoma zetu zile zitairuka. Kupima nafasi hiyo, na kuipima tena kila baada ya dhoruba kwa kuwa madonge huliwa na moto, ni kazi ya dakika tano isiyoonekana na mtu, na kituo ambacho haikufanywa hujulikana msimu wa masika.

Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, adui mkubwa hakuwa radi tena bali upungufu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka 1973 na kupanda tena mwaka 1979, vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekula akiba ya taifa, na fedha za kigeni zikawa haba. Valvu kubwa ya mtambo huagizwa ng'ambo na hulipiwa kwa fedha hizo, nayo ina umri wake kama taa ya umeme. Hapo mafundi walikuwa na hesabu ya kuchagua. Moja ni kupunguza kidogo volti za kupashia moto nyuzi za valvu, jambo ambalo likifanywa kwa uangalifu hurefusha maisha yake, na likifanywa ovyo huiua mapema. Nyingine ni kupunguza nguvu ya mtambo wote. Mtu asiyejua hufikiri kwamba mtambo wa nusu ya nguvu husikika nusu ya umbali. Sivyo. Nguvu ikikatwa nusu, uwezo wa wimbi mahali popote hubaki karibu sehemu saba za kumi, na msikilizaji wengi wao hawatambui, isipokuwa wale wa mipakani. Bila shaka hao wa mipakani ndio waliokuwa na njia ya kusikiliza kituo cha jirani, na uamuzi huo ambao ulionekana kuwa wa kifundi ulikuwa pia uamuzi juu ya nani asikilizwe na nani aachwe. Hatudhani kwamba fundi alipaswa kuachiwa mzigo huo peke yake, lakini aghalabu aliachiwa, kwa kuwa valvu iliyokuwa mbele yake ilikuwa moja. Wasikilizaji kwa upande wao walikuwa na upungufu wao: walianika betri zilizochoka juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Pande zote mbili za wimbi watu walikuwa wakibembeleza umeme.

Lipo jambo moja ambalo hatuna budi kulisema kwa uwazi mbele ya wanafunzi wanaotamani kazi hii. Mtambo mkubwa wa valvu hubeba volti elfu kumi na zaidi, na kapasita zake hushika umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Ndiyo maana kila mlango una swichi ya usalama inayokata umeme mlango unapofunguliwa, na ndani hutundikwa fimbo yenye ndoano iliyounganishwa na ardhi, ambayo fundi hugusisha kila sehemu kabla ya kutia mkono. Kanuni hizi zinajulikana. Ila taarifa ya habari inapokaribia, na simu kutoka mjini inalia, na hitilafu inaonekana tu mlango ukiwa wazi, kishawishi cha kuifunga swichi ya mlango kwa kipande cha waya ni kikubwa. Katika vituo vya nchi nyingi duniani watu wamekufa kwa kipande hicho cha waya. Wapo wanaowasifu mafundi wa zamani kwa ushujaa wa kufanya kazi katika mtambo ulio hai. Sisi tunamsifu zaidi yule aliyeiacha nchi inyamaze robo saa, akaitundika fimbo ya ardhi mahali pake, akaingia, akatoka.

Ujuzi huu ulirithishwaje? Vitabu vya mitambo vilikuwa kwa Kiingereza, tena vikaeleza hali ya hewa ya Ulaya, pasipo mchwa wala masika. Kilichokuwa chetu ni daftari la kituo. Kila saa mlinzi wa zamu aliandika masomo ya mita, na pembeni akaandika yaliyotokea: radi saa fulani, umeme umechezacheza, laini imekufa, mjusi. Daftari la miaka kumi la kituo kimoja ni kitabu cha tabia za kituo hicho. Anayejua kulisoma huona valvu ikizeeka majuma mengi kabla haijafa, kwa namba inayoshuka kidogo kidogo ambayo mtu wa siku moja hawezi kuiona. Huona pia kwamba kila mwezi wa mvua za kwanza kosa fulani hurudi, na huenda kulingoja. Yanayobaki hufundishwa kwa mdomo, zamu ya usiku, na hapo Kiswahili kilifanya kazi ambayo haikupangwa na kamati yoyote. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilisanifu istilahi nyingi, na maneno kama masafa ya kati na masafa mafupi yameenea hata kwa wasiojua maana yake. Lakini kueleza tofauti kati ya mngurumo wa transfoma iliyo nzima na ule wa iliyolemewa, hayo ni maneno ya mafundi wenyewe, na sehemu kubwa haijakusanywa. Tungependa kuona walimu wakiwatuma wanafunzi kuwahoji wastaafu wa kazi hii kama wanavyowatuma kukusanya methali. Madaftari ni karatasi, na karatasi ya ghala la porini haina umri mrefu.

Radio Tanzania iliunganishwa na televisheni ya taifa mwaka 2002 katika Taasisi ya Utangazaji, na tangu mwaka 2007 chombo hicho kinaitwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Matangazo ya FM, yanayotumia antena fupi zilizofungwa juu ya minara ya vilimani, yamechukua sehemu kubwa ya kazi ya masafa ya kati. Mitambo ya siku hizi haina valvu. Imegawanywa katika vipande vingi vidogo vyenye transista, na kipande kimoja kikifa vingine huendelea, kwa hiyo nguvu hupungua bila sauti kukatika, na kompyuta hupeleka taarifa mjini kabla mlinzi hajaamka. Hitilafu zenyewe hazikubadilika sana. Radi bado hutafuta mnara, chumvi bado hukaa juu ya kauri, nyigu bado hujenga. Na panapotumika masafa ya kati, nyaya za shaba zimo ardhini palepale, kiasi cha jembe moja kwenda chini. Mkulima aliyesogeza shamba lake karibu na uzio huzikata bila kujua, mwizi wa shaba huzing'oa akijua, na kituo hupoteza nguvu zake polepole pasipo mita yoyote ndani ya jengo kusema kitu. Hitilafu hiyo hugunduliwa na fundi aendaye kwa miguu kuuzunguka uwanja, akihesabu nyaya mahali zinapokutana chini ya mnara, moja moja, hadi ya mia na ishirini.